Geita mgodini au Mwanza viwandani? Kwa fundi kijana anayetafuta pa kuanzia

Madogo wanaomaliza VETA pale Nyakato wananiuliza sana hili swali, na siku hizi mpaka wazazi wao wanauliza: kijana ana cheti cha kuchomelea au umeme au fita mekanika, aende Geita kwenye dhahabu au abaki Mwanza kwenye viwanda? Wengi wakiuliza wameshajijibu, wanataka tu umwambie nenda. Mimi nimeishi pande zote mbili na msimamo wangu ni huu, Geita nenda ukiwa na mkataba mkononi au mtaji mfukoni, ila kama bado unatafuta, tafutia Mwanza. Ngoja nieleze kwa nini, maana kuna watu hali zao ni tofauti na jibu lao litageuka.

Tujue kwanza tunalinganisha nini. Nikisema Geita nasema Geita mjini, Nyankumbu, Kalangalala, Shilabela, Mbugani na mitaa ya huko, mji ambao mgodi wa GGM uko pembeni yake kilomita chache tu na umekuwepo tangu mwaka 2000. Sisemi Katoro, Katoro ni mji wa biashara na una mambo yake kabisa. Nikisema Mwanza viwandani nasema Igogo na Mkuyuni, Nyakato mpaka kushuka Igoma, na upande wa Ilemela, kwenye viwanda vya samaki, bia, soda, nondo, nguo, na kile cha kusafisha dhahabu kilichofunguliwa 2021. Capri Point na Isamilo tuwaachie wenyewe.

Hela

Hapa ndo penye maneno mengi. Ukiajiriwa na mgodi wenyewe, hakuna kiwanda cha Mwanza kitakupa mshahara ule kwa cheti hichohicho, tusidanganyane. Kuna bima, kuna basi la kukuchukua na kukurudisha, kuna msosi kazini, vifaa vya usalama vya maana. Ila mtaani watu wakimwona mtu ana buti na rifleksa wanasema huyo ni wa mgodi, kumbe kule ndani kuna ngazi. Juu wapo walioajiriwa na mgodi. Wanafuata wa makontrakta, yaani kampuni za kuchoronga miamba, ulinzi, usafiri, chakula, ujenzi. Chini yao kuna kontrakta wa kontrakta, na hapo ndo wamejaa vibarua wengi wenye mkataba wa miezi michache unaohuishwa au usihuishwe, na mtu wa ngazi hii akikaa baa na yule wa juu huwezi kuwatofautisha kwa nguo, utawatofautisha tarehe ishirini.

Halafu kuna Geita nyingine isiyo na rifleksa, wachimbaji wadogo, Mgusu, Nyarugusu, Rwamgasa, huko ni maduara (mashimo ya kuchimbia), makarasha (mashine za kusaga mawe), mialo ya kuoshea dhahabu, watu wa magwangala, yaani mawe ya mabaki ya mgodi. Fundi wa kuchomelea anapata hela nzuri sana kwenye makarasha maana yale madude yanavunjika kila siku na mwenye karasha hawezi kusubiri. Ila malipo yake yanategemea mawe, mawe yakikataa na wewe unakula kwa ahadi.

Mwanza ni hela ndogo inayotoka sehemu nyingi. Kwenye viwanda vya samaki kibarua wa kukata minofu analipwa kwa siku au kwa kilo, anasimama kwenye maji na baridi tangu asubuhi, na kazi inategemea kama mzigo umefika. Sangara amepungua ziwani ukilinganisha na ile miaka ya tisini viwanda vilivyokuwa vinaota kama uyoga, kwa hiyo kuna siku mtu anafika getini anaambiwa leo hakuna, rudi kesho. Kwa kibarua asiye na fani hii Mwanza ya viwandani ni ngumu, wala sitaki kuipamba.

Kwa fundi mambo ni mengine. Nikipewa nafasi ya kumshauri dogo mmoja tu nitamwambia asome baridi, yaani ufundi wa mitambo ya kugandisha, vyumba vya baridi, mitambo ya barafu. Samaki hasubiri. Kompresa ikifa saa nane usiku bosi atapiga simu yeye mwenyewe, hatamtuma mtu, na bei hatabishana. Na ufundi huohuo unauza kwenye viwanda vya bia na soda, kwenye mabucha, kwenye mahoteli, kwenye Hiace za kubeba samaki. Fundi wa baridi mzuri Mwanza hana habari ya kuajiriwa wala kutoajiriwa, yeye anauliza tu gari ya kumfuata iko wapi.

Na usisahau biashara za pembeni ya kiwanda. Mapanki yanayobaki baada ya minofu kutolewa yanalisha familia nyingi, kuna wanaokaanga, kuna wanaokausha na kupeleka mikoani, mabondo, yaani vifuko vya hewa vya sangara, nayo yana soko lake na bei yake haina utani. Upande wa Kirumba mwaloni kuna dagaa, japo huko mbalamwezi ikiwaka kunapoa maana wavuvi wanaovutia dagaa kwa taa za karabai hawaingii.

Hela inayobaki, ambayo ndo hela yenyewe

Geita mwenye nyumba anakuuliza swali moja kabla hajataja kodi: unafanya kazi wapi? Ukimjibu mgodini, bei imeshapanda hapohapo kabla hujaona choo. Kodi anataka ya miezi mitatu au sita mbele. Mama lishe naye anajua siku za mshahara, bodaboda anajua, mabaa ndo kabisa. Mji mzima unapiga hesabu kwa kipimo cha mtu wa ngazi ya juu, na wewe kibarua wa kontrakta unalipa bei ileile. Nimeona vijana wanatuma nyumbani kidogo kuliko wenzao wa Mwanza wanaopata nusu ya mshahara wao, na wala sio kwamba ni walevi.

Mwanza una pa kujibana. Unaweza kupanga chumba Igogo au Mabatini juu kwenye mawe kwa kodi ndogo, shida yake ni kupanda, na maji kuna mitaa ya juu yanafika kwa mgao, ukirudi usiku na ndoo kichwani kati ya mawe utaelewa kwa nini kodi ni ndogo. Au unasogea Kishiri, Buhongwa, Igoma huko ndani, unapata nyumba nzuri tambarare ila daladala itakula muda wako. Chakula Mwanza ni rahisi kwa mwenye kujua soko la kwenda na saa ya kwenda. Geita nako samaki wapo, Nkome na Nungwe sio mbali, ila mpaka afike mezani kwako mjini ameshaongezewa bei ya dhahabu.

Kuipata hiyo kazi

Hapa vijana wengi ndo wanapoumia. Mtu anapanda basi Nyegezi na begi lake akidhani mgodini unaenda getini na cheti unaitwa ndani. Hakuna kitu kama hicho. Nafasi zinatangazwa, unaomba, unasubiri, na kwa zile za kawaida wenyeji wanapewa kipaumbele, kwa hiyo barua ya serikali ya mtaa na makazi yako yanaangaliwa. Kama umri unaruhusu, ile njia ya mafunzo ya ufundi wa migodini kule VETA Moshi ni bora kuliko kukaa Geita miaka ukisubiri mjomba wa rafiki yako akuunganishe.

Na kuhusu wajomba wa kuunganisha, aisee. Matapeli wa ajira za mgodi ni wengi, wana fomu zenye nembo, wana picha wakiwa wamevaa helmeti, wanaomba hela ya kipimo cha afya au ya mafunzo ya usalama. Kampuni ya maana haikutumii namba ya mtu binafsi ulipie vipimo vya afya. Akikwambia nafasi ni mbili tu na moja imeshachukuliwa, huyo muage kwa heshima.

Mwanza njia ni fupi zaidi na haina heshima hata kidogo, unaenda geti kwa geti. Leo kiwanda cha nondo, kesho cha soda, keshokutwa gereji za Nyakato, unaacha namba, unamsalimia mlinzi kwa adabu kama mzee wako (mlinzi ndo ajira yenyewe, atakuambia lini fundi mkuu anatoka na anaitwa nani), na ndani ya wiki chache mtu anakuita kushika tochi, yaani kumsaidia fundi. Kushika tochi ndo shule. Mji una viwanda vingi vya aina tofauti, kwa hiyo ukikosana na mmoja haukosani na mji, wakati Geita ukiharibu jina kwa kontrakta mmoja, kesho asubuhi makontrakta wote wameshasikia.

Vumbi huku, harufu kule

Geita ni vumbi, hasa kiangazi, barabara za mitaa nyekundu na mabati yanabadilika rangi. Kuna na milipuko ya kupasua miamba. Ukipanga mtaa unaopakana na eneo la mgodi, kabla ya kulipa angalia kuta kama zina nyufa, uliza majirani na sio dalali. Kule kwa wachimbaji wadogo kuna jambo baya zaidi nalo ni zebaki, watu wanachoma dhahabu nyuma ya nyumba wanakopikia, watoto wanacheza hapohapo, na ule moshi hauna harufu ya kukustua kwa hiyo hakuna anayekimbia. Vumbi la mawe nalo linaingia kwenye mapafu taratibu, na kifua kikuu kwa wachimbaji ni jambo la kweli, sio hadithi za mahospitalini. Ukifanya kazi kwenye karasha bila kinga ya pua eti kwa sababu kuna joto, utalipia baadaye.

Mwanza ni harufu na maji. Ukikaa jirani na kiwanda cha samaki utazoea ndani ya mwezi, wageni wako hawatazoea. Anayekata minofu anaumwa mgongo, miguu, vidole vinakufa ganzi, na kisu kinateleza. Mto Mirongo unapita katikati ya jiji umebeba kila kitu cha mjini mpaka ziwani, usiruhusu mtoto acheze mle. Na kichocho kipo kandokando ya ziwa, hilo hata Geita upande wa ziwani lipo.

Kwa ujumla fundi aliyeajiriwa na mgodi mkubwa yuko salama kazini kuliko fundi wa kiwanda kidogo cha Mwanza anayechomelea kwa miwani ya jua, nimewaona hao, wapo. Ila yule wa karasha hana usalama wowote, na wote wanahesabiwa Geita.

Kukizimika inakuwaje

Mtu akiwa na miaka ishirini na mbili hafikirii hili, mwambie tu hivyohivyo. Mwaka 2017 serikali ilipozuia makinikia (mchanga wenye madini) kusafirishwa nje, mgodi wa Bulyanhulu ulipunguza uzalishaji na watu wengi wakapoteza kazi kwa mkupuo, na Kakola, mji wa pembeni ya mgodi huo, sio sehemu ambayo ukipoteza kazi ya mgodi unavuka barabara unapata nyingine. Mgodi wa Buzwagi, jirani na Kahama, nao ulifungwa 2021 kwa sababu dhahabu ilikuwa imefika mwisho, ila Kahama ikabaki inapumua maana ina mpunga, ina maduka, ina malori ya kwenda Rwanda na Burundi. Sasa jiulize Geita iko karibu na Kakola au karibu na Kahama. Mimi naona iko katikati. Tangu 2012 ni makao makuu ya mkoa kwa hiyo ofisi zipo, mabenki yapo, soko la dhahabu lipo tangu 2019, na mgodi umeshaingia chini ya ardhi kwa hiyo haufungwi kesho. Ila vua mgodi kwenye mji ule uone kodi za nyumba zitakavyoshuka.

Hata mpira unaonyesha. Msimu wa 2021/22 Geita Gold ilikuwa moto, George Mpole akamaliza mfungaji bora na mabao 17, mji wote unavimba. Msimu wa 2023/24 wakashuka daraja, na msimu uleule Pamba ya Mwanza ikapanda. Sisi wa Mwanza hatukucheka. Sawa, tulicheka kidogo.

Mwanza nayo imewahi kupigwa. Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria mwaka 1999 viwanda vilisimama na mialo ya samaki ikanyamaza. Kabla ya hapo Mwatex, kiwanda cha nguo, iliyokuwa inavalisha kanda nzima, iliyumba mpaka watu wa Nyakato wakajifunza kuuza mitumba. Lakini waliopigwa walihamia kwingine bila kuhama nyumba, mtu aliyekuwa kiwanda cha nguo akaingia kwenye samaki, wa samaki akaingia ujenzi. Na ujenzi Mwanza haujaisha, kuna reli ya SGR kutoka Isaka na kazi nyingine za jiji.

Mwenye familia

Hapa nitakuwa mfupi kwa sababu kwangu halina mjadala. Shule za kuchagua, vyuo, Bugando ukiumwa ugonjwa mkubwa, Sekou Toure ukiumwa wa kawaida, vyote viko Mwanza. Geita kuna hospitali ya rufaa ya mkoa na shule zimeongezeka, hela za mgodi zinazopitia halmashauri zimejenga madarasa mengi, hilo tuliseme. Ila mke wako naye ana kazi yake au biashara yake. Kama anauza chakula au nguo, Geita anaweza kukuzidi kipato, mzunguko wa hela pale wiki ya mshahara ni wa kutisha. Kama ni nesi, mwalimu, karani, au bado anasoma, Mwanza.

Na sasa kuna njia ya tatu

Hii zamani isingewezekana. Kwenda Geita ilikuwa mpaka upange foleni ya kivuko Kigongo, unaweza kukaa pale mpaka ukajuana na wauza mahindi kwa majina, au upite kivuko cha Kamanga. Tangu Juni 2025 Daraja la JPM la Kigongo–Busisi limefunguliwa, kilomita tatu hivi juu ya maji, unavuka kwa dakika chache na kivuko umekisahau. Kwa hiyo fundi anayefanya kazi kwa rosta, yaani anakaa kambini au kwenye chumba Geita siku zake za shifti kisha anapewa ofu, anaweza kuacha familia Buhongwa au Usagara na akawa nyumbani mchana huohuo anaotoka kazini. Chumba cha Geita kinakuwa cha kulala tu, godoro na feni, hakuna haja ya sebule ya kumfurahisha mtu.

Angalizo: shifti za mgodi ni masaa kumi na mbili, kuna za usiku. Usitoke naiti ukashika usukani wa pikipiki mpaka Mwanza, panda basi ulale. Na kila siku kwenda na kurudi usijaribu, barabara ni kama kilomita mia hivi, utachoka kabla mwezi haujaisha na nauli itakuwa imekula tofauti yote ya mshahara.

Kwa hiyo nani aende wapi

Umeitwa na mgodi wenyewe, kwa barua: nenda Geita, usinisikilize mimi wala mtu mwingine. Umeitwa na kontrakta: nenda, ila acha familia ilipo kwanza. Uliza mkataba ni wa muda gani, uliza NSSF inakatwa na inapelekwa (hizo ni habari mbili tofauti, salio unaangalia mwenyewe baada ya miezi miwili), uliza kama wamesajiliwa WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, maana ukiumia hiyo ndo itakayokulipa, uliza kipimo cha afya analipia nani. Mwajiri akikasirikia maswali haya, basi ameshakujibu.

Huna barua ila una mtaji wa mashine ya kuchomelea na jenereta: Geita, ila sogea karibu na makarasha na usikopeshe. Malipo nusu kabla hujaanza kazi, nusu kabla mtambo haujawashwa.

Huna barua, huna mtaji, una cheti na nguvu: Mwanza. Panga Igoma au Mahina, kodi nafuu na Nyakato unafika hata kwa mguu ukiamka mapema. Anza na viwanda Jumatatu asubuhi kabla ya saa moja, vaa ovaroli safi, beba nakala za cheti na kitambulisho cha NIDA kwenye mfuko wa plastiki maana mvua ya ziwani haipigi hodi, na kama kuna fundi baridi anayetafuta msaidizi wa kubeba mitungi, chukua hiyo hata kama mwezi wa kwanza anakulipa chakula na nauli tu.

Kuna dada mmoja aliniuliza kuhusu binti yake aliyesomea umeme. Jibu ni hivyohivyo, ila kwa binti naongeza jambo moja: migodi mikubwa siku hizi inawataka mafundi wa kike na inatangaza wazi, mwenye cheti cha umeme aombe kila tangazo likitoka huku akifanya kazi Mwanza, asiache moja akisubiri jingine. Na akiitwa usaili Geita alale kwa ndugu Nyankumbu siku moja kabla, basi la alfajiri likiharibika tairi Sengerema hakuna atakayemsubiri.